FOLENI NA MLOLONGO: NI NANI MLINZI WA UWANJA WA WOTE?

*Maneno yafuatayo yalisemwa mbele ya waumini na wanaharakati waliokutana katika ukumbi wa kanisa jijini Nairobi ili kutafakari mwenendo wetu katika mikutano na maandamano. Twayachapisha kama yalivyotolewa.*



Tumepewa kazi ya kusema juu ya jambo linaloonekana dogo. Mahali pasipokuwa pa mtu mmoja bali pa wote, palindwe na nini? Palindwe na kanuni pamoja na askari wa kuzisimamia? Au palindwe na dhamiri ya kila mtu aingiaye hapo? Twazungumza juu ya barabara, uwanja, bustani, matatu, ukumbi kama huu tulimoketi, na zaidi ya yote, mkutano wa hadhara na maandamano. Wako kati yetu wasemao kwamba kila kanuni ni mnyororo. Wako pia wengine, na idadi yao huongezeka kila duka linapovunjwa, wasemao kwamba wananchi hawa hawauwezi uhuru, heri wafungiwe. Sisi twaona kwamba pande zote mbili zimekosea, na tunaomba subira yenu tueleze sababu.

MISTARI MIWILI

Tuanze na jambo ambalo kila mmoja wetu amepata kulifanya. Ni saa kumi na mbili jioni, watu wametoka kazini, mvua inanyesha, na matatu ni chache. Katika vituo vingi vya jiji hili utawakuta watu wamejipanga mmoja nyuma ya mwingine. Hakuna askari aliyewapanga, wala hakuna aliyeshika rungu. Afikaye mwisho huuliza, "Hii ni ya wapi?", na akishajibiwa husimama nyuma. Mama mwenye mtoto mgongoni husogezwa mbele, wala hapana amwulizaye ameruhusiwa na nani. Akitokea mjanja wa kuingia katikati, sauti kumi humrudisha mahali pake. Hiyo ndiyo foleni. Kanuni yake ni moja, nayo haikuandikwa popote: aliyetangulia kufika atangulie kupanda. Walinzi wake ni wote waliomo.

Sasa tuukumbuke mstari mwingine. Mwaka 1986 chama tawala, ambacho wakati huo kilikuwa chama pekee kilichoruhusiwa na sheria, kiliamua kwamba uteuzi wa wagombea ubunge ufanywe kwa wapiga kura kusimama hadharani nyuma ya wagombea wao. Mwaka 1988 ukafanywa hivyo. Wazee walio hapa hawahitaji kukumbushwa jina lake. Ulikuwa ni mlolongo.

Mlolongo haukukosa kanuni. Kanuni zilikuwa tele. Mojawapo ilisema kwamba apataye zaidi ya asilimia 70 katika mstari amekwisha kupita bila kupingwa, wala hapakuwa na haja ya kura ya siri baadaye. Wasimamizi walikuwapo. Watu walisimama wima, wamenyooka, kwa utulivu. Lakini mistari mifupi ikatangazwa kuwa mirefu, na mirefu ikatangazwa kuwa mifupi, mchana kweupe, mbele ya macho ya waliosimama. Nao walipotawanyika kwenda nyumbani, hapakubaki hata karatasi moja ya kuhesabiwa upya.

Viongozi wa makanisa walikuwa wameonya tangu 1986. Waliuliza: mchungaji asimame nyuma ya nani mbele ya kondoo wake? Mfanyakazi asimame wapi mbele ya mwajiri wake? Mwanakijiji asimame wapi mbele ya chifu wake? Wakaambiwa wasichanganye dini na siasa. Mwishoni mwa 1990 chama chenyewe kiliuacha mtindo ule, baada ya wananchi wengi kutoa malalamiko yao.

Ndugu wapendwa, itazameni mistari hii miwili. Kwa mtu aliye mbali inafanana: watu wamesimama, mmoja nyuma ya mwingine, kimya. Lakini foleni ina haki hata bila askari, na mlolongo haukuwa na haki hata askari walipokuwapo. Kwa hiyo tusidanganyike kwamba utaratibu na haki ni kitu kimoja. Vilevile tusidanganyike kwamba haki yaweza kusimama bila utaratibu, kwa maana hata ile foleni ya mvuani ina kanuni yake, na siku kanuni hiyo inapovunjika, mwenye mabavu hupanda na mwenye mtoto hubaki. Methali yasema mwenye nguvu mpishe. Foleni ni mahali pachache ambapo sisi wenyewe tumekataa methali hiyo isitutawale.

LESENI ILITUFUNZA NINI?

Tuingie sasa katika uwanja wa mikutano. Sheria ya Utaratibu wa Umma, ambayo ni Sura ya 56 ya sheria zetu, ilitungwa na serikali ya kikoloni mwaka 1950. Bendera ilibadilika 1963, lakini sheria ikabaki. Kwa miaka mingi baada ya Uhuru, mtu aliyetaka kuita mkutano wa hadhara alipaswa kupata leseni, na leseni ilitoka mkononi mwa mkuu wa wilaya. Akipenda atatoa, asipopenda hatatoa. Akikwisha kutoa aweza kuifuta asubuhi ya mkutano, watu wakiwa njiani.

Ndiyo maana tarehe 7 Julai 1990, siku ya Saba Saba, mkutano wa Kamukunji uliitwa haramu. Kenneth Matiba na Charles Rubia, waliokuwa wameuita, walitiwa kizuizini siku chache kabla yake. Watu walikwenda hata hivyo, wakapigwa, na wengine wakauawa. Ndiyo maana mwaka 1992 wale akina mama waliodai wana wao, wafungwa wa kisiasa, waliandamwa na polisi katika bustani ya Uhuru tarehe 3 Machi, hata baadhi yao wakavua nguo zao kuonyesha kiwango cha uchungu wao. Kanisa Kuu la All Saints liliwafungulia mlango, nao wakakaa humo karibu mwaka mzima. Na ndiyo maana tarehe 7 Julai 1997 polisi waliingia katika kanisa hilohilo na kuwapiga watu waliokimbilia humo.

Damu hiyo ndiyo iliyoifuta leseni. Mwaka huohuo wa 1997, baada ya mazungumzo ya vyama ndani ya Bunge, sheria ilibadilishwa. Tangu hapo mwananchi haombi ruhusa, anatoa taarifa. Taarifa hupelekwa kwa mkuu wa kituo cha polisi si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla ya mkutano. Kisha Katiba ya 2010, katika kifungu cha 37, ikaweka bayana kwamba kila mtu ana haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko kwa wenye mamlaka, kwa amani na bila silaha.

Mabadiliko hayo twayajua na twayashangilia. Lakini tujiulize swali moja ambalo hatukujiuliza wakati wa kushangilia. Leseni ilitufunza nini kwa miaka yote ile? Iliutuonyesha kwamba uwanja una mwenyewe, na mwenyewe si sisi. Ilitufunza kwamba utulivu ni kazi ya askari, na kwamba kazi yetu sisi ni ama kutii ama kukimbia. Mtu aliyelelewa hivyo, siku askari anapoondoka, hajui la kufanya na nafasi aliyoachiwa. Atavunja bomba la maji la umma kwa sababu ni la serikali. Atatupa takataka mtaroni kwa sababu mtaro ni wa baraza la mji. Atasema mali ya umma haina mwenyewe. Leseni ilifutwa katika vitabu vya sheria mwaka 1997, lakini mafunzo yake hayajafutika yote katika mioyo yetu.

Aliyetuonyesha njia nyingine ni Wangari Maathai. Mwaka 1989 palikuwa na mpango wa kujenga jengo la orofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru. Bustani ile haikuwa shamba lake. Hapakuwa na sheria iliyomtaja kwa jina na kumwamuru ailinde. Alichukua kalamu akaandika barua, moja baada ya nyingine, kwa wakubwa wa hapa na wa ng'ambo. Alikejeliwa Bungeni, na shirika lake likafukuzwa katika ofisi zake. Hatimaye wenye fedha walirudi nyuma na jengo halikujengwa. Yeye alikuwa ameelewa kwamba mali ya umma ina wenyewe, na kwamba kila mmoja wetu ni mwenyewe.

KANUNI BILA DHAMIRI

Pengine mtu atasema: basi kanuni ni za nini? Tuwe na dhamiri tu, yatosha. La hasha. Dhamiri peke yake hupotea katika umati kama vile sauti ya mtu mmoja hupotea sokoni. Lakini kanuni peke yake nayo hununuliwa. Mfano wake tumepanda sote.

Mwanzoni mwa mwaka 2004, waziri wa uchukuzi, John Michuki, alianza kutekeleza kanuni mpya za matatu. Kila abiria awe na kiti na mkanda. Gari lifungwe kidhibiti mwendo lisizidi kilomita 80 kwa saa. Gari lichorwe mstari wa manjano, dereva na utingo wavae sare. Siku za kwanza magari mengi yaliondolewa barabarani na watu wengi walitembea kwa miguu. Walinung'unika, lakini wengi wao walikubali, kwa kuwa walikuwa wamezika jamaa zao. Kwa muda yalionekana mambo mageni: abiria mwenyewe akimkataza utingo kuongeza mtu, na gari zima likimwunga mkono.

Kisha taratibu mambo yakalegea. Mkanda ukawa wa kuvutwa kifuani karibu na kizuizi cha polisi na kuachiliwa baada ya kukipita. Kidhibiti mwendo kikachezewa. Abiria wa kumi na tano akapata mahali, na noti iliyokunjwa ikapita dirishani. Sheria haikuwa imefutwa. Ilikuwa imeachwa iwe shauri la polisi na utingo, na sisi abiria tukatazama nje. Tulipokoma kuilinda, ikawa bidhaa. Hapo ndipo tulipojifunza kwamba kanuni isiyokuwa na mwenyewe miongoni mwa watu huishia mfukoni mwa mtu.

NYANYA ZA MAMA MBOGA

Tumeyasema ya wengine. Yatupasa sasa tuseme yetu, kwa sababu si haki kuwachambua wakubwa huku aibu yetu tumeifunika.

Miaka kadhaa iliyopita, sisi tunaosema hapa tuliandaa maandamano katika mji mmoja. Yalikuwa ya amani. Tuliomba kabla ya kuondoka, tukaimba njia nzima, na hakuna jiwe lililorushwa. Polisi walisimama mbali wakatutazama tu. Tulirudi tukishukuru kwamba siku imekwenda vizuri. Kesho yake mama mmoja auzaye mboga kando ya barabara ile alikuja kanisani, akasubiri mlangoni mpaka tulipotoka. Alitueleza kwamba tulipofika kwenye kona, umati ulipanuka, watu wakapita juu ya meza yake. Nyanya zake zote zilipondwa. Zilikuwa nyanya za mkopo.

Hakutulaumu kwa ukali. Aliuliza swali moja tu: "Mkubwa wenu ni nani, nizungumze naye?"

Ndugu zetu, tulitazamana. Huyu alisema yeye alikuwa wa nyimbo tu. Yule alisema yeye alishika bango. Mwingine akasema haya ni maandamano ya wananchi, hayana mkubwa. Kila mmoja alisema kweli, na kweli zote zikijumlishwa, mama yule hakupata mtu. Mwishowe tulichanga, tukamlipa, lakini ilikuwa baada ya siku nne, naye katika siku hizo nne hakuwa na cha kuuza. Tangu siku ile tumekuwa tukijiuliza: sisi tuliodai kwamba serikali iwajibike kwa wananchi, mbona tulishindwa kuwajibika kwa mwananchi mmoja kwa meza moja ya nyanya?

Tazameni jambo hili. Ile Sheria ya Utaratibu wa Umma ambayo tumeipinga kwa miaka mingi inamtaka anayetoa taarifa aandike jina lake na mahali apatikanapo, na inamtaka awepo mkutanoni toka mwanzo hadi mwisho asaidie kulinda amani. Tumezoea kuiona kama mtego, na mara nyingi imetumiwa kuwa mtego. Lakini swali la mama mboga na swali la sheria hiyo ni swali moja: ni nani atakayejibu? Swali halikuwa baya. Ubaya ulikuwa wa wale waliolitumia kututafutia makosa. Mama mboga aliliuliza kwa haki, nasi tulikosa jibu.

NANI ATAKAYEJIBU?

Twajua mtakalosema, nanyi vijana mna haki ya kulisema. Mwaka 2024, mlipoingia barabarani kuupinga Mswada wa Fedha, mlisema hamna kiongozi, hamna kabila, hamna chama. Hamkusema hivyo kwa kukosa adabu. Mlikuwa mmeona kwamba viongozi hununuliwa, na wasiponunuliwa hukamatwa. Na kweli, katika miezi iliyofuata vijana kadhaa walitekwa na watu wasiojitambulisha, jamaa zao wakahangaika kuwatafuta. Tarehe 25 Juni 2024 watu waliuawa kwa risasi jijini Nairobi, na kesho yake Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi mswada ule. Je, katika nchi ya namna hiyo, tumwambie kijana aandike jina lake na kulipeleka kituoni?

Hatutaki kulijibu swali hili kwa wepesi. Hatari ni ya kweli. Tunachosema ni kwamba kutokuwa na kiongozi si sawa na kutokuwa na mwenye kujibu. Ile foleni ya matatu nayo haina kiongozi, lakini kila aliyemo yuko tayari kujibu juu ya nafasi yake na ya jirani yake. Mkisema hakuna kiongozi, maana yake mzigo wa kiongozi umegawanywa kwa wote, wala haukutupwa chini. Kama mko elfu moja na hamna mkubwa, basi mama mboga akiuliza, elfu moja wote waseme, "Ni mimi."

Tusipojibu sisi, wengine watajibu kwa niaba yetu. Katika maandamano ya 2024 na 2025 tuliwaona waporaji wakijichanganya nasi, na maduka ya watu wasiokuwa na hatia yakavunjwa. Mwezi Juni 2025 tuliwaona wanaume waliobebwa kwa pikipiki, wakiwa na mijeledi na marungu, wakiwashambulia waandamanaji katikati ya jiji. Umati usiojuana ndio mahali pazuri pa kumficha mhuni, awe amekuja kwa tamaa yake au ametumwa na kulipwa. Na kila duka likivunjwa, yuko mtu ofisini anayefurahi, kwa maana amepata sababu ya kutaka leseni irudi kwa jina jingine. Julai 2024 polisi walitangaza marufuku ya maandamano katikati ya Nairobi. Mahakama Kuu iliisimamisha. Tusijidanganye kwamba mahakama itaendelea kutubebea mzigo huu peke yake.

JINSI YA KUIPIMA KANUNI

Basi tunapoletewa kanuni mpya, tusiipokee kwa sababu tu ni kanuni, wala tusiikatae kwa sababu hiyohiyo. Katiba imetupa kipimo katika kifungu cha 24: haki yaweza kuwekewa mpaka kwa sheria tu, na mpaka huo uwe wa busara, unaokubalika katika jamii huru ya kidemokrasia. Kwa lugha ya nyumbani tuulize maswali matatu. Je, kanuni hii inambana mkubwa kama inavyombana mdogo? Je, inalinda watu, au inalinda cheo? Je, baada ya kutumika inaacha ushahidi ambao mwananchi aweza kuuhesabu upya? Mlolongo ulishindwa katika maswali yote matatu. Leseni ya mkuu wa wilaya pia ilishindwa. Lakini kanuni isemayo mikutano miwili isifanywe mahali pamoja saa moja, au gari la wagonjwa lipewe njia, inafaulu. Na aivunjaye hapingi udhalimu wowote, anamwonea jirani yake.

Tena tuisome Katiba kwa mfuatano wake. Kabla ya kufika kifungu cha 37 kinachotupa haki ya kuandamana, tunapita kifungu cha 3, ambacho chasema kila mtu ana wajibu wa kuiheshimu, kuitetea na kuilinda Katiba. Hakikusema polisi, wala hakikusema Rais peke yake. Kimesema kila mtu. Wajibu umekaa mlangoni, na haki zimo ndani ya nyumba.

MAMBO MATANO

Hatukuja hapa kusema maneno matupu tukaondoka. Twapendekeza mambo matano, machache kiasi cha kukumbukwa na mtu anayekimbia.

La kwanza, twende kumi kumi. Kila mtu ajiunge na wenzake tisa anaowajua kwa majina na nyuso. Wasiachane mpaka warudi, na asiyeonekana atafutwe siku hiyohiyo. Hilo linamlinda kijana dhidi ya kutekwa kimyakimya, na linamnyima mhuni mahali pa kujificha.

La pili, taarifa ya siku 3 itolewe, lakini isipelekwe na mtu mmoja. Ipelekwe na watu kadhaa, wakiwamo wazee wa kanisa na, inapowezekana, wakili. Nakala ipigwe mhuri na kutunzwa mahali pengi. Jina moja peke yake ni windo. Majina ishirini yenye mashahidi ni vigumu kuyateka.

La tatu, siku moja kabla, watu wetu waipite njia ile wakizungumza na wenye vibanda, akina mama mboga, wenye maduka na wahudumu wa bodaboda. Wawaambie saa tutakayopita na upande tutakaouacha wazi. Njia ya gari la wagonjwa isizibwe kamwe, hata kama aliyemo ni askari.

La nne, ukianza uporaji au kurusha mawe, sisi tukae chini pale tulipo. Aliyekaa anaonekana kuwa amekaa, na aliyesimama na jiwe anaonekana amesimama. Hatutampiga, wala hatutamchoma; tumeona barabarani mwetu haki ya mikononi inavyoua wasiokuwa na hatia. Tutamtenga, naye aonekane alivyo.

La tano, kila kundi liwe na mfuko mdogo wa kulipa hasara tuliyoisababisha sisi wenyewe, na watu wa kubaki nyuma kufagia. Mwenye kudai alipwe kabla ya jua la pili kuchwa. Tusimngoje mtu asubiri siku nne mlangoni.

Wengine watasema mambo haya ni madogo mno, na nchi inaungua. Nasi twasema kwamba tabia ya nchi hufinyangwa katika madogo haya. Anayejifunza kutokanyaga meza ya mama mboga wakati hakuna anayemwona, huyo ndiye tutakayeweza kumkabidhi sanduku la kura usiku, taa zikiwa zimezimika. Na anayesema leo kwamba nyanya ni jambo dogo mbele ya ukombozi, kesho akipewa wizara atasema shamba la mtu ni jambo dogo mbele ya maendeleo. Maneno hayo tuliyasikia zamani, na tunajua yalikotufikisha.

Tulisimama katika mlolongo kwa sababu tuliogopa. Tulisimama tena Desemba 1992, katika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya kifungu cha 2A kufutwa, toka alfajiri, wengine bila chakula, na safari hiyo hapana aliyetusukuma. Miguu ilikuwa ileile na jua lilikuwa lilelile. Kilichobadilika ni kwamba kila mmoja alijua kwa nini amesimama na ni nani aliye mbele yake. Leo jioni mtakapotoka hapa, wengi wenu mtasimama tena katika vituo vya matatu. Mmoja wenu atamwona mtu akijaribu kuingia katikati, mbele ya mama mwenye mtoto. Tunamwomba asinyamaze. Amrudishe mtu huyo nyuma kwa upole, kisha yeye mwenyewe arudi mahali pake.